Choo kinapouma baada ya kuzaa: maneno ya mzalishaji wa Kadutu

Nikiingia kumtembelea mzazi nyumbani, huku kwetu Bukavu, watu hunijibu kabla sijauliza: mtoto ananyonya, maziwa yameshuka, kitovu kinakauka. Kuhusu choo cha mama hakuna anayefungua kinywa. Basi huwa natoa watu chumbani, mashemeji kwanza, halafu namuuliza, "Mama, umeshaenda haja kubwa tangu ujifungue?" Wengi huangalia ukuta. Jibu nimelipata.

Kupitisha siku mbili tatu bila choo baada ya kuzaa si ajabu. Wakati wa uchungu hukula, homoni za mimba zililegeza matumbo, na sasa maji ya mwili yanakwenda kwenye maziwa. Ongeza vidonge vya damu, ambavyo vina chuma na hufunga choo kwa wengi. Aliyepasuliwa naye matumbo yake huchelewa kuamka, na gesi humsumbua kuliko hata kidonda.

Lakini kinacholeta balaa zaidi ni woga. Mama ameshonwa, anaogopa nyuzi zitafumuka, anabana. Choo kikibaki ndani, utumbo unaendelea kukinyonya maji. Kinakuwa kigumu, siku kinapotoka kinachana, na kesho yake anabana zaidi. Nyuzi hazifumuki kirahisi kwa sababu ya choo. Kinachoumiza ni kusukuma choo kikavu kwa nguvu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukilainisha kutoka juu, kwa kinywa.

Anza na maji. Huku milimani maji yanapandishwa kwa bidoni mgongoni, na nyumba nyingi huyabania. Ya mzazi yasibaniwe. Chemsha, yapoe, weka chupa pale unaponyonyeshea. Kila mtoto akishika ziwa, nawe kunywa. Uji na supu vinahesabika.

Halafu chakula. Hapa ndipo ninapogombana na wakwe. Kuna nyumba mzazi hupewa wali, nyama na mchuzi tu, eti mboga zitamharibia mtoto tumbo. Mkwe mmoja aliniambia, "Muganga, sisi wote tulizaa hivyo." Nikamuuliza kwa heshima, "Mama, na choo kilikuwaje?" Akacheka mpaka akashika mdomo kwa kikwembe. Jioni ile mboga ya lengalenga ikapikwa.

Mpe sombe (majani ya muhogo), lengalenga, papai lililoiva, avoka, maracuja (pasheni) pamoja na mbegu zake, viazi vitamu. Maharagi yanafaa sana, ila uanze na kidogo na kuongeza siku kwa siku, la sivyo tumbo litajaa hewa. Bugali wa muhogo mtupu hausaidii choo. Changanya na unga wa mahindi au mtama usiokobolewa. Mashanza, yaani maziwa yaliyoganda, ni mazuri kwa anayeyapata. Na atembee: si kupanda mpaka sokoni, ila kuzunguka uani mara kadhaa kwa siku, hata aliyepasuliwa, taratibu.

Vidonge vya damu usiviache mwenyewe. Umepoteza damu, unavihitaji. Mweleze muuguzi vinakufunga, naye atajua kama abadilishe dozi au aina. Usishtuke vikikufanya choo kuwa cheusi. Choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya ni jambo lingine. Hicho kimbia nacho kituoni.

Chakula kisipotosha, farmasi wana laktulozi, dawa ya maji yenye utamu. Haimdhuru mtoto anayenyonya. Huchukua siku moja hadi mbili, wakati mwingine hata tatu, kwa hiyo usimeze chupa nzima usiku wa kwanza. Kwa maumivu, paracetamol ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Kodeini na tramadol, ambazo watu hujinunulia tu, zinafunga choo na kupita kwenye maziwa.

Na pwari, ule mpira wa kuingizia maji kwa njia ya nyuma? Najua iko nyuma ya mlango katika kila nyumba. Baada ya kuzaa iache huko huko. Maji ya majani, tangawizi, wengine hata pilipili, yote hayo yanaunguza utumbo, na ncha yake inaweza kutoboa mahali palipotoka kushonwa. Kama ulichanika hadi kwenye msuli wa njia ya nyuma, kitu chochote kisiingie huko, hata kidonge cha kuweka nyuma, mpaka daktari aliyekushona aseme.

Namna ya kwenda

Wakati mzuri ni asubuhi, nusu saa hivi baada ya uji wa moto, maana tumbo likipokea chakula utumbo nao huamka. Haja ikija usiiahirishe, hata kama mtoto analia. Ampokee mwingine.

Kwenye choo cha kukaa, weka kijibao chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, uiname mbele, viwiko juu ya magoti. Kwenye choo cha shimo tayari unachuchumaa vizuri, shida ni mapaja ya mzazi yanatetemeka. Dada au mama yako asimame nawe umshike mkono. Kunja kitambaa safi, kibane taratibu juu ya nyuzi za mbele kwa kiganja: kinapunguza ule mvuto unaotisha. Usizuie pumzi. Fungua kinywa utoe hewa polepole, kama unayepulizia makaa ya babula, na tumbo lifanye kazi lenyewe. Dakika kumi zikipita bila kitu, ondoka, utarudi. Kujikalisha na kusukuma kwa nguvu ndiko kunakozaa bawasiri.

Safisha kwa maji, kutoka mbele kwenda nyuma, kisha kausha kwa kugusagusa. Karatasi ya daftari si ya mahali hapo.

Maji ya vuguvugu

Hili ndilo ninalolipenda kuliko dawa zote, na halina gharama zaidi ya makaa kidogo. Tafuta basini ya peke yake, isiwe ile ya vyombo wala ya nepi. Maji yachemke, uyapoze hadi kiwiko chako kiyavumilie bila kushtuka. Mimina kiasi cha kufunika makalio, ukae dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku na kila utokapo chooni. Msuli wa nyuma ukipata joto hulegea, na yale maumivu ya kubana hushuka. Usitie sabuni, wala jiki, wala dawa ya kuua vijidudu. Na yule shangazi anayetaka ukae juu ya mvuke wa sufuria inayotokota, mshukuru, umnyime: ngozi ile inaungua upesi. Siku ya kwanza na ya pili, uvimbe ukiwa mkubwa, kitambaa cha maji baridi kinafaa zaidi.

Bawasiri, vile vinundu laini vinavyojitokeza, mara nyingi hunywea vyenyewe ndani ya wiki chache choo kikilainika. Kinundu kikigeuka kigumu, cha buluu, kinachokunyima hata kulala, nenda uonwe. Mpasuko ni kitu kingine: unauma kwa kukata wakati choo kinapita, maumivu yanabaki hata saa nzima, na damu nyekundu kidogo inaonekana. Matunzo ni haya haya, lakini usipopona kwa wiki sita, daktari ana marhamu yake.

Kuna mambo ya kutongoja kabisa: homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha au harufu mbaya, damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, tumbo lililovimba likiambatana na kutapika huku hata hewa haitoki.

Na lile linalofichwa kuliko yote: gesi au choo kutoka bila wewe kutaka, au kupita kwa njia ya mbele. Hii si laana, wala hukuitafuta. Msuli unaweza kuwa umechanika, au kuna fistula, tundu kati ya utumbo na uke. Vinashonwa. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa 1999 na daktari Denis Mukwege, aliyepata Nobel ya Amani 2018, watu huitaja kwa majeraha ya vita, lakini fistula za uzazi pia hutibiwa pale. Kwa msuli uliolegea tu, fanya mazoezi: bana kama unayezuia hewa isitoke mbele ya wakwe, hesabu polepole hadi tano, achia, baadaye ufike kumi. Rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni.

Ukifika kwa daktari usiseme "tumbo linaniuma," maana utapewa dawa ya minyoo. Sema hivi: "Nimejifungua tarehe fulani, nilishonwa, choo kinaniuma wakati wa kutoka, damu naiona hivi, hewa naweza au siwezi kuizuia." Beba vidonge vyote unavyomeza ndani ya mfuko. Na akiandika bila kukuangalia, mwombe akupime, au aite mzalishaji wa kike akupime.