Zabibu za mvinyo kwenye joto: hesabu siku kurudi nyuma

Katika nchi za baridi mzabibu hupukutisha majani, hulala, kisha huamka wenyewe majira yakibadilika. Kwenye ukanda wa joto mzabibu haulali. Usipoukata utatoa majani mwaka mzima, na vichala vichache vitakavyotokea vitaiva kila kimoja kwa wakati wake. Huku anayepanga msimu ni mkulima, na chombo chake ni mkasi wa kupogolea. Kosa linalojirudia ni kupogoa siku vibarua walipopatikana.

Anza na mvua. Tangu kupogoa hadi kuvuna, aina nyingi za zabibu za mvinyo huchukua takriban siku 110 hadi 130 kwenye joto. Tafuta kipindi kikavu kuliko vyote, chenye usiku wa ubaridi ikiwezekana, wiki za mwisho za kuiva ziangukie humo, kisha hesabu kurudi nyuma upate siku ya mkasi. Kichala kinachoiva mvuani hupasuka na kuoza, na sukari yake huwa hafifu. Hakuna dawa ya hilo. Kusini mwa jimbo la Minas Gerais, Brazil, wapo wakulima wanaopogoa mara mbili: kwanza kukuza matawi huku wakiondoa vichala vyote, halafu tena katikati ya mvua ili wavune miezi mikavu ya baridi. Zao moja wanalitupa makusudi. Mzabibu wa nchi za joto unaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, ndiyo, ila palipo na msimu mmoja mkubwa wa mvua ningewafuata wao.

Baada ya kuvuna usikimbilie kukata. Acha majani yafanye kazi mwezi mmoja au miwili yarudishe akiba ya chakula kwenye shina na mizizi, huku ukipunguza maji kidogo kidogo ili ukuaji utulie.

Ukishapogoa, mara nyingi jicho la ncha ya tawi (jicho ni kichipukizi kilicholala) huchipua, na macho ya chini hubaki kimya. Wengi huyapaka macho hayo sianamidi ya hidrojeni, kemikali ya kuyaamsha, ndani ya siku moja au mbili. Ni sumu kali, na Umoja wa Ulaya umeizuia. Palipo na ruhusa, fuata lebo, vaa glavu, miwani na nguo ndefu, na usiguse pombe tangu siku ya kabla hadi wiki nzima baadaye. Vikikutana mwilini hudhuru vibaya. Pasipo ruhusa, pinda tawi kama upinde ncha iangalie chini. Macho ya katikati yatapata nafasi.

Angalia pia vichala vinatokea jicho la ngapi. Macho yaliyojengeka wakati wa mawingu mengi mara nyingi huwa tasa karibu na shina, na ukikata mfupi utapata majani matupu. Acha tawi refu.

Kuna magonjwa mawili ya ukungu. Ubwiri vinyoya hutaka jani lililolowa, basi dawa ya kopa (shaba) itangulie mvua. Ubwiri unga hauhitaji maji hayo. Hustawi kwenye kivuli kilichosongamana. Salfa huuzuia, lakini ukiipiga kwenye jua kali huunguza majani. Hewa husaidia yote mawili: punguza majani kuzunguka vichala, upande wa jua la asubuhi tu. Upande wa alasiri ukiuacha wazi, zabibu zitababuka.

Kwenye kuvuna, kipimo cha sukari peke yake hupotosha. Joto hula tindikali ya tunda, hata usiku, na ukingojea sukari ipande zaidi utapata mvinyo uliopooza. Pima pH, kipimo kinachopanda tindikali inaposhuka, kila baada ya siku mbili tatu. Zabibu nyeupe zikikaribia 3.4, au nyekundu 3.6, vuna. Chuma alfajiri, weka kivulini, tumia kreti zisizo na kina kirefu. Zikipondeka njiani kwenye joto, huanza kuchachuka kabla hazijafika kiwandani.