Tonto ya nyumbani Kampala: kuanzia keria ya baiskeli hadi kibuyu

Wiki iliyopita jirani yangu, mama kutoka Bunia, alinigongea mlango jioni, mikono imejaa rojo ya ndizi hadi viwikoni. Alikuwa anatengeneza tonto, pombe ya ndizi ya Uganda. "Kaka, nimeponda tangu saa nane, hata tone sijaliona." Nilikaa naye mpaka juisi ikatoka. Mimi nami nilikwama hapo hapo mara yangu ya kwanza, ndiyo maana naandika.

Hatua ya 1: Ndizi

Tafuta ndizi za pombe, ambazo Waganda huziita mbidde. Kayinja na kisubi pia hutoa juisi nzuri. Matoke, zile ndizi za kupika, hayafai, na bogoya, ile ndizi tamu ya kula mbivu, haifai hata ikiiva namna gani. Soko la Kalerwe utazipata, lakini mimi huzifuata kwa baiskeli, barabara ya Bombo hadi Wobulenzi, karibu kilomita 50 kutoka mjini. Natoka alfajiri kabla malori hayajajaa.

Baiskeli iwe ile nzito ya chuma yenye keria pana, kama Roadmaster. Zile za gia hupanda vilima vizuri, ila keria yake haihimili mikungu miwili. Funga kwa mipira ya tyubu iliyokatwa, kwa sababu kamba ya nailoni hulegea kila ukipita shimo. Mikungu ining'inie kulia na kushoto kwa uzito sawa. Ukibeba mmoja upande mmoja, utakuvuta mtaroni.

Ukifika shambani, usikate mkungu kwa kisu ulichotumia shamba jingine. Mnyauko wa bakteria uligunduliwa kwenye migomba ya Uganda mwaka 2001, kule Mukono, na kayinja hushikwa upesi sana. Kisu kipitishe motoni kwanza. Mkulima akiona unafanya hivyo, atakukaribisha tena.

Hatua ya 2: Kuivisha

Kijijini hufukiwa shimoni pamoja na majani ya mgomba. Mpangaji wa chumba kimoja atumie gunia: tandika majani makavu, panga vichana, funika, funga mdomo, weka karibu na jiko. Siku 4 hadi 6.

Hatua ya 3: Kukamua

Hapa usiwe na haraka. Mara yangu ya kwanza nilianza saa kumi jioni, nikalala saa saba usiku bila juisi, na nyumba nzima inanuka ndizi. Nilikuwa nimekosea mambo matatu, na mama wa Bunia alikuwa amekosea mawili kati ya hayo.

La kwanza ni uivaji. Gunia moja huwa na ndizi zilizoiva na ambazo bado. Bonyeza kila moja. Ganda liwe la manjano kabisa, ndizi iwe laini, lakini isiwe imeanza kuvuja. Zenye kijani karibu na kikonyo zirudishe guniani zisubiri kesho. Chache tu zilizo mbichi zinatosha kuigeuza beseni nzima kuwa uji mzito. Zilizopitiliza nazo huteleza tu, hazikamuki.

La pili ni nyasi. Usiponde kwa mikono mitupu, na mashine ya kusagia juisi usiiguse, maana inakupa rojo isiyochujika. Unahitaji lusubi, zile nyasi ndefu zenye makali. Mimi hukata pembezoni mwa barabara nikirudi na ndizi. Zioshe, kisha zikung'ute mpaka zikauke maji. Menya ndizi, ziweke kwenye beseni pana, changanya na mashada mawili makubwa ya lusubi, halafu kanda kama unakanda unga wa chapati, kwa uzito wa mwili. Nyasi hukwangua ndizi na kuishika rojo ili juisi ipite. Kama ngozi yako ni laini, vaa glavu.

La tatu, ambalo ndilo lilinimaliza: maji. Kwa dakika ishirini au zaidi utaona rojo inakuwa nzito na kunata, na utadhani imeharibika. Moyo utakwambia uongeze maji kidogo. Usiongeze! Endelea kukanda. Ghafla rojo itavunjika mabonge, na juisi safi itachuruzika kati ya vidole. Hiyo ndiyo mubisi. Inamishe beseni, kamua kila shada, chuja kwa kitambaa safi. Sasa ndipo unaweza kumwagia makapi maji kidogo na kukamua mara ya pili.

Beseni la mama halikuokoka, kwa sababu alishatia jagi zima la maji. Tulianza upya na kichana alichobakiza.

Hatua ya 4: Mtama na kuchachua

Kwa lita 10 za mubisi mimi huweka maji lita 3 yaliyochemshwa yakapoa, na kilo moja ya mtama. Mtama ukaangwe mpaka unukie, usagwe unga wa chengachenga. Koroga ndani ya ndoo safi, funika kwa majani ya mgomba na blanketi. Hamira ya dukani siitumii. Inafanya kazi haraka, lakini inaua ladha ya mtama.

Usifunge mfuniko ukabana, wala usitie kwenye chupa za kioo. Gesi itazipasua.

Baada ya saa 24 onja. Ikiwa bado tamu, iache hadi saa 48. Na isiishie kwenye mtungi wa kukeneka. Mwaka 2010 watu wengi Kabale walikufa kwa waragi, pombe kali ya kukenekwa, yenye methanoli, ambayo ni sumu, na jikoni kwako huna kipimo cha kukuonya.

Hatua ya 5: Kunywa

Chuja, mimina kwenye kibuyu, weka mrija. Siku ya tatu huanza kuwa kali. Usiimwage: iache wiki kadhaa kwenye mtungi uliofunikwa kitambaa, itakuwa siki nzuri ya kachumbari.