SOMO: Kulinganisha Skopu 3 za kampuni mbili

Wakuu, kila wiki naulizwa inbox: "A ina tani nyingi kuliko B, kwa hiyo A inachafua zaidi?" Najibu hapa mara moja.

Skopu 3 ni gesijoto zinazotoka nje ya geti la kampuni kwa sababu ya biashara yake, ukiacha za kuzalisha umeme inaonunua (hizo ni Skopu 2): shambani kwa mkulima, kwenye lori la kukodi, kwa mteja. Kiwango cha 2011 cha GHG Protocol, yaani kanuni za kimataifa za kuhesabu gesijoto, kinazigawa makundi 15, na chenyewe kinasema hakikuandikwa kwa ajili ya kushindanisha kampuni. Kwa hiyo twende taratibu.

1. Chukua ripoti za mwaka mmoja.

2. Panga makundi 15 kwenye jedwali. Palipoachwa wazi si sifuri. Linganisha yaliyojazwa na wote.

3. Soma njia ya kukokotoa. Hapa niliwahi kuharibu. Nililinganisha viwanda viwili vya vinywaji, kundi la 1, yaani bidhaa na huduma zilizonunuliwa. Kimoja kilipima kilo za sukari. Kingine kilichukua fedha iliyolipwa kikazidisha kwa kigezo cha kilo za hewa ukaa kwa kila dola. Sukari ikapanda bei, tani za hicho cha pili zikapanda nayo, nami nikaandika kwamba kinazidi kuchafua. Mhasibu wao akanifungulia leja ya ghala: magunia yaleyale ya mwaka uliotangulia. Nilimwonea mtu. Kilo na fedha msizilinganishe kabisa. Wote wakitumia fedha, ondoeni mfumuko wa bei hadi mwaka wa kigezo.

4. Gawa tani kwa kiasi kilichozalishwa (kwa vinywaji ni hektolita, yaani lita 100), si kwa fedha za mauzo.

MASWALI

Kipimo77: A tani laki mbili, B elfu tisini. Nani mchafu?
Mimi: Hatua ya 2 na ya 3.
Kipimo77: Ndefu mkuu, nipe jibu tu.
Mimi: Bila kusoma njia zao, jibu halipo.

BintiMizani: Kaka, kampuni za mafuta je?
Mimi: Umeuliza la maana, dada. Nenda kundi la 11, matumizi ya bidhaa zilizouzwa. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo mzigo mkubwa uko hapo. Angalia kama wamehesabu mafuta yote waliyouza au yale waliyochimba wenyewe tu. Na usijumlishe kampuni mbili, maana lita ileile huhesabiwa na mchimbaji na muuzaji pia.

Maziwa_Fresh: Wenye mifugo, tazameni na methani. Kuigeuza kuwa tani za hewa ukaa, wengine bado wanaizidisha kwa 25, wengine kwa 28.
Mimi: Kweli kabisa. Naiongeza kwenye hatua ya 3.