Kuwapimia bakteria wa majitaka urea na DAP
Majitaka ya viwanda vya sukari, karatasi au vinywaji huwa na kaboni tele, ila nitrojeni (N) na fosforasi (P), ambazo bakteria wanaosafisha maji huzihitaji, ni haba. Anza na uwiano wa BOD:N:P wa 100:5:1; BOD ni kipimo cha uchafu kwa oksijeni ambayo bakteria huitumia kuuozesha. BOD ya kilo 500 kwa siku inadai N kilo 25 na P kilo 5: DAP (mbolea ya fosfeti ya diamonia) kilo 25 inatoa P yote na N kilo 4.5, urea kilo 45 inajaza pengo. Kwenye hesabu hiyo, toa N na P zilizomo tayari majini.

Yeyusha, kisha dondosha mfululizo penye maingilio ya tangi la kupulizia majitaka hewa. Kumwaga gunia zima asubuhi ni kupoteza mbolea.

Pima maji yanayotoka, yakiwa yamechujwa. Amonia na nitrati kwa jumla zikishuka chini ya miligramu 1 kwa lita, ongeza urea. Tope likiwa na ute na halitulii chini, shuku upungufu huohuo.