SOMO: Takwa, Pate, Siyu na Shanga – panga safari kwa maji, si kwa kalenda ya ofisini

Takwa (kisiwani Manda) na Pate, Siyu na Shanga (kisiwani Pate) ni miji ya kale yenye magofu karibu na Lamu, pwani ya Kenya, na boti za kwenda huko hufuata maji ya bahari kujaa na kupwa. Kila mwezi swali ni lile lile: "Nafika Lamu Jumamosi, Takwa niende saa ngapi?" Jumamosi haina jibu, jibu liko kwenye maji. Nimeyaandika yote hapa, na atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

1. Fika Lamu. Ukija kwa basi unashukia Mokowe, kwa ndege unatua Manda. Kote unavuka kwa boti.

2. Siku ya kwanza itoe kwa mji wenyewe. Anzia ngomeni (ilimalizika 1821, ikawa jela hadi 1984), kisha fuata Usita wa Mui (njia kuu ya mji) mwanzo hadi mwisho. Maji hayakuhusu hapa.

3. Jua leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu. Tarehe hiyo ndiyo itakayokwambia habari ya maji.

4. Soma maji. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, nami niliwahi kuharibu, kwa hiyo soma polepole.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo yanajaa takriban saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na tena alasiri. Kuanzia saa nne asubuhi hadi adhuhuri ni tope tupu. Kila siku yanachelewa, kwa wastani, kama dakika 50, hivyo baada ya wiki moja yanajaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Hayo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwa Takwa, siku nzuri ni tarehe 5 hadi 7 na 20 hadi 22 za mwezi: asubuhi maji hujaa kati ya saa mbili na saa nne, na yana kina cha kutosha boti.

Hayo ni makadirio. Saa kamili itoe kwenye jedwali la maji la Kilindini (bandari ya Mombasa); kwa kupangia safari linatosha. ONYO: jedwali na programu za simu huandika saa ya kizungu. 10:12 ni saa nne na dakika 12, SI saa kumi. Ukimwambia nahodha "saa kumi" atakuelewa kwa Kiswahili na atakuja alasiri. Tofauti ya saa hizo mbili ni saa sita, na toka maji kujaa hadi kupwa ni saa sita vile vile. Kwa hiyo ukikosea hapa hukosei kidogo: unaangukia palepale maji yalipokauka. Mwambie nahodha "asubuhi" au "jioni", na umtajie maji: "maji yakijaa nusu tuondoke."

5. Takwa. Hori (mkono wa bahari) linaloingia Manda katikati ya mikoko ni jembamba, na mwisho wake kina ni kidogo. Ingia saa moja na nusu kabla ya maji kujaa kabisa, toka kabla saa moja na nusu haijapita baada yake. Una saa tatu, zinatosha. Ukichelewa, boti italala kwenye tope hadi maji ya pili, na kushuka kuisukuma si jambo dogo: mizizi ya mikoko ina chaza, na chaza hukata mguu kama wembe. Vaa raba za kamba. Kubadhi zitabaki topeni. Beba maji ya kunywa.

6. Kisiwa cha Pate. Usijaribu kwenda na kurudi siku moja, lala huko usiku mmoja au mbili. Boti za abiria hupita Mkanda (mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara). Zamani Mkanda maji yakipwa ulikuwa haupitiki, na saa ya kuondoka huenda bado ikabadilika. Ulizia gatini jioni ya kuamkia safari. Shukia Mtangawanda (gati la kisiwa), tembea kama saa moja hadi Pate. Magofu ya Pate yamo ndani ya mashamba ya tumbaku, kwa hiyo omba njia, usikanyage miche. Pate hadi Siyu ni kama kilomita 8. Ngome ya Siyu iko kwenye hori ambalo nalo hukauka. Shanga ni mwendo wa saa moja hivi kwa miguu toka Siyu. Chukua kijana wa Siyu akuongoze, maana kichakani njia hupotea na hakuna duka wala kisima cha kutegemea.

7. Ndani ya magofu usipande ukuta. Ni matumbawe na chokaa: juu ukibandua kidogo, mvua inaingia katikati na ukuta unafumuka. Vigae na shanga ulizoziona chini ziache chini. Kuziondoa ni kosa kisheria.

MASWALI

Msafiri_wa_Bara: Asante mkuu. Sasa Jumamosi ijayo Takwa ni saa ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 3 na ya 4.

Kiboko88: Mnatisha watu bure. Mimi nilikwenda saa sita mchana, maji tele.

Mwandishi: Tarehe ngapi ya mwezi?

Kiboko88: Sikumbuki. Kama wiki moja baada ya Idi ya Ramadhani.

Mwandishi: Basi ni kama tarehe 8 Shawwal. Siku hiyo maji hujaa karibu saa tano na nusu, saa sita bado yamo. Rudi saa hiyo hiyo tarehe 16, kisha uje uandike hapa. Somo halisemi mchana haufai, linasema siku hazilingani.

Binti_Gati: Mwalimu, pale Takwa nimeona nyumba karibu zote zinatazama upande mmoja. Kuna sababu?

Mwandishi: Umetazama vizuri, dada. Zinaelekea kaskazini, na kwa Lamu Qibla ni kaskazini. Sasa tazama msikiti wa Ijumaa: juu ya ukuta wa Qibla kuna nguzo, jambo la nadra. Kisha toka nje ya ukuta wa mji, kaskazini, kuna kaburi la mnara lenye mwaka 1094 Hijria, mwishoni mwa karne ya 17. Muda si mrefu baadaye mji ulihamwa, watu wakavuka kwenda Shela, kisiwani Lamu, na hadi leo watu wa Shela huja kwenye kaburi hilo kuomba mvua. Ukikuta dua inasomwa, kaa mbali na weka kamera chini.

Binti_Gati: Na Shanga, mtu asiyejua atazame nini?

Mwandishi: Msikiti wa Ijumaa. Wachimbaji wa miaka ya 1980 walikuta chini yake misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Simama pale ukijua hivyo.

Kipwa_na_Kujaa: Nyongeza: wakati wa kusi (upepo wa kusini) mwambie nahodha asikupeleke Shanga kwa upande wa bahari kuu. Pitia Siyu.

Mwandishi: Kweli kabisa. Nami naongeza: simu itie mfuko wa nailoni kabla hujapanda boti, si baada ya wimbi la kwanza.