Kabla Hujasaini: Ushauri wa Mtu Aliyewahi Kuichapa Mikataba ya Wachezaji

Kwa misimu kadhaa nilikuwa mhasibu wa klabu moja ya Ligi Kuu ya soka Tanzania, na kwa kuwa ofisi ilikuwa na watu wachache na kompyuta moja, mikataba ya wachezaji nayo niliichapa mimi. Jina la klabu halina maana hapa. Siku hizi wachezaji huniletea karatasi nizisome kabla hawajasaini, mara nyingi usiku wa kuamkia dirisha la usajili kufungwa, na swali lao la kwanza ni lile lile: "Dada, hela hii si nzuri?" Mimi huwauliza: inalipwa lini?

Kiasi kikubwa hakimlindi mchezaji, tarehe ndiyo inayomlinda. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinahesabu siku kila mahali, na huwezi kuanza kuhesabu kama karatasi haisemi malipo yalitakiwa kufanyika lini. "Pesa ya usajili italipwa kwa awamu." Viongozi wanaipenda sana sentensi hiyo. Awamu ngapi? Kila awamu shilingi ngapi? Unaweza kumaliza msimu mzima ukipigwa danadana na mtu asiyevunja hata neno moja la mkataba.

Kwa hiyo kama dau ni milioni 30, iandikwe hivi: milioni 15 siku ya kusaini, milioni 15 kabla ya tarehe 31 Januari, kwenye akaunti namba fulani ya benki fulani. Mshahara nao uwe na tarehe yake ya kila mwezi. Ukiona kifungu kinachoipa klabu siku za ziada za kuchelewesha malipo, kitoe. Kanuni za FIFA hazitambui kifungu cha namna hiyo kwenye mkataba wa mchezaji, isipokuwa kama kimetokana na makubaliano ya pamoja kati ya vyama vya wachezaji na vya waajiri.

Milioni mbili ni shilingi ngapi?

Ukiambiwa mshahara ni milioni 2, uliza kama ni kabla ya makato au ni ya mkononi. Tuseme ni kabla ya makato. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanachukua asilimia 10 yako, yaani 200,000. Inabaki 1,800,000, na hiyo ndiyo inayokatwa kodi ya TRA: 128,000 kwa milioni ya kwanza, kisha asilimia 30 ya hizo 800,000 zilizozidi, ambazo ni 240,000. Kodi jumla 368,000. Unaondoka na 1,432,000. Kijana aliyekwisha kumwahidi mama yake milioni moja na nusu kila mwezi ana shida kabla hajagusa mpira.

Klabu nayo inatakiwa kuweka asilimia 10 yake NSSF. Usiishie kuyaona makato kwenye karatasi ya mshahara. Omba taarifa ya michango yako kutoka NSSF wenyewe kila baada ya miezi michache. Nimeona makato yaliyokatwa vizuri kabisa na hayakufika popote.

Marupurupu yanaliza watu kuliko mshahara. "Klabu itampatia mchezaji nyumba." Ya vyumba vingapi? Umeme wa Luku na maji analipa nani? Ukiumia, au ukipelekwa kwa mkopo klabu nyingine, familia inahama? Tiketi ya kwenda nyumbani mwisho wa msimu ni ya wewe peke yako au na mke na mtoto? Mchezaji anayetoka Bujumbura au Lubumbashi aongeze hapo kibali cha kazi: gharama na ufuatiliaji ni juu ya klabu, iandikwe.

Bonasi ya kushinda iandikwe kiasi, iandikwe kama anayekaa benchi naye anapata, na iandikwe inalipwa na mshahara wa mwezi gani. Ahadi ya tajiri aliyeingia vyumba vya kubadilishia nguo baada ya mechi ni zawadi. Ikija, shukuru, lakini usikopee. Hata zile fedha za Goli la Mama, Sh milioni 5 kwa kila bao ambazo Rais Samia alianza kuzitoa Februari 2023 kwa Simba na Yanga kwenye mechi za CAF, shirikisho la soka Afrika, hazikutoka kwenye mkataba wa mchezaji yeyote. Kama klabu yako huwa inapata fedha za aina hiyo, omba kifungu kinachosema zinagawanywaje.

Na malipo yote yapite benki. Bahasha haina kumbukumbu. Kuna mchezo wa vocha, yaani karatasi ya kukiri umepokea malipo, ambao niliuona kwa macho yangu: mchezaji anaitwa ofisini, anaambiwa asaini vocha ya milioni 4, anapewa milioni 2, "nyingine Jumatatu". Jumatatu haifiki, na miezi sita baadaye klabu inaitoa vocha mbele ya kamati ya TFF, shirikisho la soka nchini. Kwa kawaida klabu inayodai imelipa ndiyo inayotakiwa kuthibitisha. Ukisaini vocha ya pesa ambayo hujaipokea, umeifanyia hiyo kazi. Saini kiasi ulichohesabu, kwa tarakimu na kwa maneno.

Karatasi yenyewe

Mkataba wa mchezaji wa kulipwa haupungui muda wa hadi mwisho wa msimu na hauzidi miaka 5. Aliye chini ya miaka 18 asifungwe zaidi ya 3, na mzazi au mlezi awepo mezani. Vipimo vya afya vifanyike kabla ya kusaini, kwa sababu klabu hairuhusiwi kuweka sharti kwamba mkataba utakuwa halali ukifaulu vipimo au ukipata kibali cha kazi.

Saini kila ukurasa, piga picha kila ukurasa, na usiondoke bila nakala halisi. "Nakala yako nitakutumia kesho, bado rais wa klabu hajasaini" ni sentensi ya kukufanya ubaki mezani mpaka naye asaini. Sakata la winga Bernard Morrison linatosha kwa somo hili. Mwaka 2020 Yanga walisema ana mkataba nao, yeye akakana, na kamati ya TFF ikaona mkataba ule una mapungufu, akaenda Simba. Yanga walikwenda hadi mahakama ya michezo, CAS, na Novemba 2021 rufaa yao ikatupwa. Safari ile mapungufu yaliigharimu klabu. Mara nyingi humgharimu mchezaji, ila hayo hayafiki magazetini.

Kifungu cha kununua mkataba, yaani kiasi ambacho kikilipwa mchezaji anaondoka kabla ya muda wake, ndicho ninachokisoma mara mbili. Desemba 2022 kiungo wa Yanga Feisal Salum aliiwekea Yanga Sh milioni 112 benki, akatangaza ameondoka. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje miezi, suala likafika hadi kwa Rais, na Juni 2023 akaenda Azam FC baada ya klabu mbili kuelewana. Yeye ni Fei Toto, nchi nzima ilikuwa inamzungumzia. Wewe beki wa kushoto wa timu ya mkoani hakuna atakayekuzungumzia. Kwa hiyo kifungu chako kiseme: ni kiasi gani, kinaweza kulipwa na nani, katika kipindi gani cha mwaka, na kwamba pesa ikishaingia kwenye akaunti ya klabu mkataba umekwisha bila kuhitaji ridhaa nyingine. Klabu ikikataa maneno hayo ya mwisho, fahamu kwamba bei imeandikwa lakini mlango haupo.

Wakala awe na leseni ya FIFA. Orodha yao iko kwenye tovuti ya FIFA na kutafuta jina ni kazi ya dakika moja. Mkataba wako na wakala usizidi miaka miwili. Anayekutaka umlipe kwanza ndipo akupeleke majaribio Uturuki au Dubai, mpe pole na safari yake.

Goti likikatika

Kuumia si sababu halali ya klabu kuvunja mkataba. Mshahara unaendelea hadi mwisho wa mkataba, labda karatasi uliyosaini iseme vinginevyo, ndiyo maana unatafuta sentensi kama "endapo mchezaji hataweza kucheza kwa zaidi ya miezi mitatu" na kuifuta. Iandikwe pia nani analipia upasuaji, hospitali gani, na mazoezi ya kurudisha mguu hadi lini. Upasuaji klabu nyingi hulipa. Kile kinachofuata, miezi ya kunyanyua uzito na kulipa nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa viungo, huachiwa mchezaji.

Halafu uliza swali ambalo hakuna mchezaji aliyewahi kuniuliza nilipokuwa ofisini: klabu imesajiliwa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi? Mchango unatolewa na mwajiri, wewe hukatwi kitu. Mpira ni kazi, na goti lililoumia uwanjani limeumia kazini. Siku hiyo hiyo ya kuumia omba ripoti ya daktari wa timu kwa maandishi.

Dada zangu mnaocheza ligi ya wanawake, tangu 2021 kanuni za FIFA zinawapa likizo ya uzazi ya wiki zisizopungua 14, angalau 8 baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili ya mshahara wa mkataba. Klabu ikikuacha kwa sababu ya mimba, fidia yako inaongezwa mishahara ya miezi sita juu yake. Lakini theluthi mbili ya mshahara usioandikwa ni sifuri. Wengi wenu mnalipwa "posho" bila mkataba, na hapo ndipo pa kuanzia.

Miezi miwili imepita, simu hazipokelewi

Usiache mazoezi. Hili nalirudia kwa kila anayenipigia akiwa na hasira. Ukikaa nyumbani umewapa neno "utoro", na wewe mwenye madai ndiye unakuwa mshitakiwa. Nenda, saini daftari la mahudhurio kama lipo, piga picha uwanjani. Wakikutenga ufanye mazoezi peke yako ili uchoke uondoke mwenyewe, andika tarehe na saa. Manyanyaso ya kumlazimisha mchezaji avunje mkataba au akubali masharti mapya ni sababu ya haki kwako ya kuuvunja, ukiweza kuyathibitisha.

Kisha andika barua. Kwa kanuni za FIFA, klabu iliyoshindwa kulipa mishahara ya angalau miezi miwili inampa mchezaji sababu ya haki ya kuvunja mkataba, ila sharti kwanza aidai kwa maandishi na kuipa siku zisizopungua 15 za kulipa. Kwa kuwa mchezaji Mtanzania kwenye klabu ya Tanzania atasikilizwa na TFF kwa kanuni za nyumbani, mimi huwa nashauri sharti hilo liandikwe ndani ya mkataba wenyewe, neno kwa neno. Barua haihitaji Kiswahili cha mahakamani:

"Kwa Katibu Mkuu. YAH: MADAI YA MISHAHARA YA SEPTEMBA NA OKTOBA. Kwa mujibu wa kifungu cha 4 cha mkataba wangu, mshahara wangu wa Sh 2,000,000 hulipwa kila tarehe 28 ya mwezi. Hadi leo sijalipwa mshahara wa Septemba na Oktoba, jumla Sh 4,000,000. Naomba klabu ilipe kiasi chote ndani ya siku 15 tangu kupokea barua hii. Muda huo ukipita bila malipo kamili, nitakuwa na sababu ya haki ya kuvunja mkataba na kudai fidia."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Tuma pia kwa baruapepe iliyotajwa kwenye mkataba. Ujumbe wa sauti kwa mwenyekiti saa tano usiku si barua. Wakikupa nusu, pokea, na ujibu kwa maandishi kwamba umepokea sehemu na deni lililobaki ni kiasi fulani. Siku ya 16 ndipo unaandika barua ya pili, ya kuvunja. Ukiivunja siku ya 9 umejiharibia, na anayeondoka bila sababu ya haki katika miaka ya mwanzo ya mkataba anaweza kufungiwa miezi 4 pamoja na kudaiwa fidia.

Mtanzania anapeleka shauri kwenye Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF. Mgeni anaweza kwenda moja kwa moja kwenye chumba cha usuluhishi cha FIFA kwa njia ya mtandao, na mchezaji hatozwi ada. Ukikaa zaidi ya miaka miwili FIFA hawalisikilizi tena, basi usingoje hadi ustaafu. Ukishinda, klabu ina siku 45 za kulipa, la sivyo inazuiwa kusajili hadi ilipe, hata kwa madirisha matatu mfululizo. Gor Mahia na AFC Leopards kule Kenya wamewahi kufungiwa hivyo, na kwa ninavyowajua viongozi wa klabu, hakuna barua wanayoiogopa kama hiyo.

Mkataba ukibakiza miezi 6 uko huru kusaini kwingine. Usifiche wala usitangaze, saini tu.

Na siku ya kuachana watakuletea karatasi ya mistari mitatu, katikati yake maneno "sina madai yoyote". Inakuja pamoja na ahadi kwamba kilichobaki kitaingia wiki ijayo. Isaini pesa ikiwa imeshasoma kwenye akaunti yako, hata kama basi lako la Mwanza linaondoka saa 12 asubuhi.