Kukagua na kunakili CD ya "Studio 1" ya All Saints

All Saints, kundi la waimbaji wa kike wa Uingereza, walivunjika 2001, wakarudiana, na Novemba 2006 wakatoa Studio 1 chini ya Parlophone. "Rock Steady" ilishika nafasi ya 3 Uingereza, lakini albamu yenyewe iliishia ya 40 na kampuni ikaachana nao. Ina midundo ya ska na reggae iliyopangwa kwa ustadi, na inastahili nakala safi.

Ukiipata CD iliyotumika, anza na upande wenye maandishi. Alumini inayobeba muziki imefunikwa hapo na vanishi nyembamba tu, kwa hiyo mkwaruzo ukiifikia hautengenezeki. Inua CD mbele ya taa. Ukiona mstari wa mwanga ukipenya, iache. Upande wa pili leza hupita kwenye plastiki ya takribani milimita 1.2, hivyo michubuko midogo huvumilika. Mbaya ni ule mkwaruzo unaofuata duara: huharibu data nyingi zinazofuatana kuliko mashine inavyoweza kusahihisha. Ndiyo maana CD hufutwa kwa mistari iliyonyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni na kitambaa laini. Dawa ya meno usiiguse. Upande wa chini ukiwa wa kijani au buluu badala ya rangi ya fedha, hiyo ni nakala iliyorekodiwa kwenye kompyuta, si ya kiwandani.

Kwa kunakili, tumia programu ya Exact Audio Copy kwenye Windows. Chagua usomaji wa "Secure", hifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana muziki bila kupoteza sauti. Kiwango cha mgandamizo, 0 hadi 8, hubadilisha ukubwa wa faili na muda wa kazi tu. Sauti ni ile ile.

Hapa ndipo mauzo madogo yanapokugusa. AccurateRip, hifadhidata ya mtandaoni, hulinganisha nakala yako na za watu wengine, na albamu yenye wamiliki wachache inaweza kuwa na matokeo machache ya kulinganisha. Usiitegemee peke yake. Tumia "Test & Copy", inayosoma kila wimbo mara mbili, kisha linganisha namba za CRC, yaani namba za uhakiki zinazokokotolewa kutoka kwenye data iliyosomwa. Zikitofautiana, osha CD tena, punguza kasi hadi 8x au 4x, au jaribu draivu nyingine. Draivu huzidiana sana kwa CD zilizochubuka. CRC zikilingana na AccurateRip ikasema haina rekodi, usihesabu hilo kuwa kosa: huenda hakuna aliyewahi kutuma matokeo ya toleo lako.